Vitambaa Vilivyorudishwa

Haya, wajukuu zangu, na ninyi mlio wazazi wao, nianze kwa kuwatega. Ni mgeni gani ambaye chakula chake hufika nyumbani kabla yake mwenyewe? Msijisumbue, nitawapa jibu. Ni mtoto mchanga: yeye bado yumo tumboni, na maziwa yameshafika kifuani. Mungu amemwandalia mgeni huyo kila kitu, akatuachia sisi kazi moja tu, kumpokea. Sasa sikilizeni jinsi nyumba moja ya hapa Kindu ilivyoshindwa kazi hiyo moja.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, miaka michache kabla ya uhuru. Asubuhi ilikuwa tulivu. Mvua ilikuwa imenyesha na kukatika, na kule mtoni meli iliyotoka Ponthierville ilikuwa ikipiga honi. Victorine alikaa mkekani nyuma ya nyumba yake akichambua mchele, miguu ameinyoosha mbele kama wanavyokaa wenye mimba ya miezi saba. Hakuwa mtu wa hapa. Yeye na mume wake, Anaclet, walitoka Usumbura, nchi ya Urundi. Walivuka ziwa, wakapanda treni siku baada ya siku mpaka reli ikaishia Kindu, kwa sababu Anaclet alipata kazi ya ukarani bandarini. Victorine alikuwa na miaka kumi na tisa, mimba ilikuwa ya kwanza, na mama yake alikuwa mbali kiasi kwamba barua ilichukua majuma matatu kumfikia.

Wanawake wa avenyu ile, yaani mtaa ule, walikuwa na desturi yao kwa mjamzito mgeni. Mimba ikifika mwezi wa saba, kila mzazi alikata kipande cha kikwembe chake cha zamani, ile nguo ya kujifunga kiunoni, kile alichojifungulia salama, akakifua, akakianika juani, akakileta. Mtoto hupokelewa kwa vitambaa hivyo, vilivyolainika kwa kufuliwa, ili nguo mpya isimkwaruze, na ili ajue kwamba amefika kwa watu. Mmoja wao huvifunga pamoja. Yule aliyevifunga ndiye mama wa mjamzito mpaka siku ya arobaini.

Asubuhi ile walikuja sita. Aliyefunga alikuwa Mama Kalume wa nyumba ya pili, mama Mwislamu, mzazi wa watoto saba na mkunga wa avenyu nzima.

“Mama yako iko mbali,” alimwambia Victorine. “Kuanzia leo mama njo mimi. Siku uchungu unaanza, unaniita mbele ya kuita mutu mwingine. Na mulango unaacha wazi. Mwanamuke anayezaa hafungiwi.”

“Na bwana yake tumuweke wapi?” akauliza Adolphine, jirani aliyependa utani.

“Tumupeleke akahesabu kuku.”

“Kuku gani? Hawa makarani hawafugi kuku, wanafuga viatu.”

Walicheka wote. Victorine alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akalia kidogo, kwa maana tangu afike Kindu hakuna mtu aliyemwambia kwamba yeye ni mtoto wake.

Adhuhuri Anaclet alirudi kutoka bandarini, akakuta kifurushi juu ya meza. Alikiinua kwa vidole viwili. Victorine akamweleza desturi, na uso wake ulikuwa bado una furaha.

“Haya ni matambara ya watu,” akasema Anaclet. “Unataka kamisheni waje wayakute ndani ya nyumba yangu?”

Hapa nisimame kidogo, maana vijana wa leo hawajui kamisheni ni nini. Serikali ya Wabelgiji ilikuwa ikitoa karata, yaani kadi ya heshima, kwa watu weusi wachache walioonekana kuishi kwa mtindo wa Wazungu. Mwenye karata hakuchapwa kiboko, na watu walimwita musie, yaani bwana. Lakini kabla ya kuipata, watu wa kamisheni walikuja nyumbani kwako, wakafungua kabati, wakatazama choo, wakauliza mkeo anakulia wapi na kwa nini. Naam, mtu mzima anakaguliwa vijiko. Anaclet aliitaka karata hiyo kuliko wali na nyama. Tusimcheke upesi. Mwaka uliotangulia alichapwa viboko vinne bandarini mbele ya wachukuzi, kwa kosa la hesabu ya magunia ambalo halikuwa lake. Siku ile aliapa kwamba mtoto wake hatazaliwa na baba wa kuchapwa. Nia ilikuwa njema. Njia ndiyo iliyompoteza.

Akachukua kifurushi, akakipeleka mwenyewe kwa Mama Kalume, wanawake wengine wakiwa uani pale wakitwanga sombe, majani ya muhogo. Aliongea kwa adabu. Alisema mkewe atazalia materniti kwa masista, kitandani, na akawaomba wasitandike tena mikeka nyuma ya nyumba yake, kwa sababu kuna watu wakubwa wanaotazamiwa.

Mama Kalume alikipokea kifurushi kwa mikono miwili. “Hospitali ni nzuri,” alisema. “Hata mimi nawapeleka wanawake kule. Lakini toka hapa mpaka kule, nani atamushika mukono?”

“Mimi niko,” akajibu Anaclet.

Wanawake hawakugombana naye. Waliendelea kutwanga. Lakini kwa watu wa avenyu ile, kurudisha vitambaa ni kusema sitaki mama, na tangu siku hiyo hakuna mguu uliokanyaga ua wa Victorine. Alipopita kwenda kisimani walimsalimia, naye aliitikia akitazama chini.

Nyumba ikaanza kujaa vitu. Rafiki wa Anaclet aliyeitwa Florentin, ambaye alikuwa na karata tayari, alikuja kila Jumapili kumwelekeza. Rido nyeupe madirishani. Uma sita na visu sita. Berso, kitanda kidogo cha chuma cha mtoto, iliyopakwa rangi ya samawati, na ndani yake mto uliodariziwa. Viatu vyenye kisigino vya Victorine, ambavyo miguu yake iliyovimba ilikataa kuingia, ikalazimishwa. Alifundishwa kumimina kahawa bila kuinama sana. Alifundishwa kusema “soyez les bienvenus”, yaani karibuni, akasema mara hamsini, na usiku aliisema ndotoni. Mtu angetazama nyumba ile angesema mtoto huyu amesubiriwa kama mwana wa gavana. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa watu.

Kila Jumatano Victorine alikwenda kupimwa materniti. Jumatano ya mwisho sista alimpapasa tumbo kwa muda mrefu, akamwita Anaclet aliyekuwa akingoja nje, akawaambia wote wawili kwa Kiswahili chake cha polepole: mtoto amekaa vibaya, ametanguliza miguu. Maji yakivunjika, waje saa ileile. Wasingoje hata kidogo. Anaclet akaitikia, “Ndiyo, ma sœur.” Alisikia vizuri. Mkumbuke hilo.

Barua ya kamisheni ilikuja juma lililofuata: Jumamosi, saa nne asubuhi.

Jumamosi hiyo, yapata saa tatu, Victorine alikuwa akipiga pasi kitambaa cha meza. Maji yakavunjika, yakamwagikia viatu vyake. Alikwenda chumbani akishika ukuta.

“Bwana, maji yamevunjika. Twende.”

Anaclet alikuwa akifunga tai mbele ya kioo. Mikono yake ikasimama. Alimtazama mkewe, akatazama saa.

“Unasikia uchungu?”

“Unakuja na kuondoka.”

Akaketi kitandani, akafikiri, na kila alichofikiri akakisema kwa sauti. Kamisheni ikikosa kumpata mtu nyumbani haitarudi mpaka mwaka mwingine. Mtoto wa kwanza hukawia, mke wa Florentin alikawia siku nzima. Wageni hawatakaa sana.

“Saa mbili tu, Victorine. Ni kwa ajili yake mtoto.”

Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, katika nchi isiyo yake, na mwanamume huyo ndiye ndugu pekee aliyekuwa naye upande huu wa ziwa. Alibadilisha gauni. Alivaa viatu vikavu.

Walikuja watatu: Mzungu mmoja wa serikali na wenzake wawili. Victorine alisema maneno yake ya kukaribisha bila kukosea hata moja. Alimimina kahawa. Wageni walifungua kabati, wakahesabu sahani kwa macho, wakagusa rido. Uchungu ulipokuja aliegemea mgongo wa kiti, akatazama nakshi za kitambaa cha meza, akafuata uzi mmoja kwa macho mpaka uchungu ukapita. Uzi ulikuwa mfupi, na kila safari uchungu uliuzidi. Jasho lilimshuka shingoni. Mmoja wa wageni, mtu mwenye miwani, aliacha kikombe.

“Madamu ni mgonjwa?”

Victorine alifungua mdomo. Alimtazama mumewe, na mumewe akajibu kabla yake.

“Ni joto tu, bwana. Kwetu Usumbura tuna upepo wa ziwa. Bado hajazoea joto la Kindu.”

Wageni wakacheka kwa huruma, wakasema hata wao joto la Kindu linawashinda. Kisha wakaomba kuona chumba cha mtoto. Wakaisifu berso. Wakaomba kahawa tena. Zile saa mbili zikawa tatu na nusu, na walipoondoka walimpa Anaclet mkono, mmoja baada ya mwingine, mlangoni, mbele ya avenyu nzima.

Alipogeuka, Victorine alikuwa ameanguka sakafuni, naye anauma mto uliodariziwa ili asipige kelele.

Sasa Anaclet akaanza kukimbia. Lakini tazameni jinsi alivyokimbia. Kwanza alifunga mlango kwa ufunguo, kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa vyombo na hakutaka majirani waingie kushika. Kisha akapita mlangoni kwa Mama Kalume. Alipunguza mwendo, hilo walioliona walilisema. Mkunga alikuwa pale, hatua kumi, anapepeta mchele. Anaclet alikumbuka kifurushi, akaona haya, akapita. Alikwenda hospitali, na gari lilikuwa limetoka kwenda njia ya Kailo kuchukua wagonjwa wengine. Hakungoja, alivuka mji mzima mpaka kwa Florentin kuuliza nani ana gari. Florentin alikuwa anakula. Akamwambia musie Anaclet aketi kwanza apumue, kisha watatafuta.

Huku nyuma Victorine alitambaa mpaka mlangoni. Alipoona haufunguki, ndipo akapiga kelele, na hakuita mumewe. Aliita, “Mama Kalume.”

Wanawake walitupa michi na nyungo. Adolphine alipiga mlango kwa mchi, pigo la kwanza, la pili, la tatu, mpaka kitasa kikatoka na kipande cha ubao. Walipoingia, miguu ya mtoto ilikuwa imeshatoka, imekuwa na rangi ya majivu. Mama Kalume alipiga magoti pale sakafuni. Alifanya yote aliyoyajua, na alijua mengi. Alimwokoa Victorine. Mtoto, msichana mzuri mwenye nywele nyingi, alitoka akiwa amekwisha kuchoka kutungoja.

Mama Kalume akamfuta, akamfunika kwa kikwembe alichokivua kiunoni mwake, akakaa naye mapajani kama aliyelala.

Ndipo Anaclet akafika na Florentin, wanahema. Aliona mbao chini. Na neno lake la kwanza, jamani, la kwanza kabisa, lilikuwa hili:

“Nani amevunja mlango wangu?”

Victorine alilisikia kutoka pale alipolazwa. Adolphine, aliyekuwa na jibu kwa kila kitu, alichukua mchi wake akatoka.

Anaclet alilia baadaye. Alilia sana, siku nyingi, na simtukani kwa hilo. Lakini machozi ni kama mvua ya Juni: hayaoteshi kitu.

Baada ya mwezi karata ikaja, pamoja na barua ya pongezi. Ilisema kwamba sherehe itakuwa uwanjani Jumapili, na kwamba kila mpokeaji aje na mkewe. Victorine alikuwa anafunga sanduku lake. Anaclet akamwomba angoje mpaka Jumapili tu, kisha yeye mwenyewe atampeleka kwa mama yake.

“Nimekuwa madamu siku moja,” akasema Victorine. “Imetosha.”

Wanawake wa avenyu walimsindikiza kituoni. Mama Kalume alimbebea sanduku kichwani na hakukubali kupokewa njiani. Treni ilipoanza kwenda, Victorine alitoa mkono dirishani, na mkunga akatembea ameushika mpaka mwisho wa jukwaa.

Jumapili jina la Anaclet liliitwa mbele ya watu, yeye na madamu wake. Akapanda jukwaani peke yake. Watu walipiga makofi, kwa sababu waliambiwa wapige.

Mafunzo

Hadithi hii haisemi hospitali ni mbaya. Masista walisema ukweli, na laiti wangefuatwa. Wala haisemi kutaka heshima ni dhambi, kwa maana mtu aliyechapwa ana haki ya kutaka asichapwe tena. Inasema hivi: heshima inayokutaka ufiche uchungu wa mkeo si heshima, ni kiboko kingine, na safari hii umekishika mwenyewe.

Ninyi mnaokwenda kuishi ugenini, msijenge nyumba ya vyombo kabla ya kujenga nyumba ya watu. Uma hauzalishi. Rido haiendi kuita mkunga. Na ukimkosea jirani, siku ya shida meza haya yako, ingia kwake. Haya haijaua mtu, lakini kuikwepa kumeua mtoto huyu.

Nanyi mabinti zangu, uchungu wa kuzaa hauna adabu ya mezani. Ukikushika, piga kelele, hata kama aliyeketi kwenye kiti chako ni mfalme wa Ubelgiji. Yeye kahawa atajimiminia.