Nondo Zikae Juu

Mama Pacha alikuwa fundi wa kupiga plasta. Asubuhi alishika mwiko, mchana alishika kalamu. Kila siku ilikuwa hivyo, na kila siku alichoka.

Kulipopambazuka aliwaandalia pacha wake chai, akawahimiza waende shule, kisha akakimbilia kazini kwa kaka yake. Kaka alikuwa fundi mkuu wa timu ndogo ya ujenzi. Ndiye aliyemfundisha dada yake kuchanganya mchanga na saruji, tangu enzi zile alipokuwa akibeba karai kichwani. Ikifika mchana, Mama Pacha alinawa mikono kwenye pipa la maji, akavaa viatu visivyo na saruji, akaenda chuo cha ufundi. Huko alikuwa akisomea teknolojia na usimamizi wa ujenzi wa nyumba za kuishi. Jina la masomo lilikuwa refu kuliko nguvu alizobaki nazo.

Darasani yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Wanafunzi wenzake walimwita Mama, hata wale wenye ndevu. Mara nyingi usingizi ulimzidi nguvu, kichwa kikashuka taratibu mpaka kikagusa meza.

"Mama Pacha," mwalimu aliita siku moja, "umelala au unawaza?"

"Nimelala huku nawaza, mwalimu."

Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akacheka. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya taratibu. Kabla ya kufundisha alisimamia ujenzi kwa miaka mingi, kwa hiyo alikujua kuchoka.

"Basi amka kidogo uone hili," alisema.

Aliweka mezani kipande cha sponji ya godoro. Nusu ilikaa mezani, nusu ikatokeza nje, hewani. Ile ya mezani akaiwekea tofali juu ili isisogee. Halafu akachukua wembe. Akakata mikato midogo upande wa juu na mingine upande wa chini. Kisha akabonyeza ule mwisho uliokuwa hewani.

"Mikato ipi inafunguka?"

"Ya juu!"

"Na ya chini?"

"Inajibana."

"Vizuri. Zege ni hodari likibanwa. Likivutwa, halina ubavu, linapasuka. Nondo tunaiweka ishike pale panapovutwa. Sasa nyumba ina kanopi, kile kivuli cha zege kinachotokeza juu ya mlango. Chini yake hakuna nguzo. Nondo zake kubwa zikae wapi?"

"Juu!"

Mwalimu akailaza sponji juu ya matofali mawili, moja huku, moja kule. Akabonyeza katikati. Safari hii mikato ya chini ndiyo iliyofunguka.

"Hii ni kama sakafu ya ghorofa, iliyoshikwa na kuta pande zote mbili. Hapa nondo kubwa zinakaa chini. Mafundi wengi wameizoea hii. Basi wanaweka nondo chini kila mahali, hata kwenye kanopi. Inasimama kwa muda, kisha siku moja inawaangukia watu."

Usingizi ukamruka Mama Pacha. Nyumbani kwa mama yake mzazi, mbao za kanopi zilikuwa tayari juu ya mlango. Nondo zilikuwa zimeshafungwa. Alizifunga yeye mwenyewe, na kaka yake akazikagua. Zote zilikuwa chini. Zege lilikuwa limwagwe kesho asubuhi.

Kipindi kilipokwisha, alimfuata mwalimu mlangoni akamweleza.

"Huyo fundi ni nani wako?" mwalimu aliuliza.

"Kaka yangu. Mkubwa wangu. Ndiye aliyenifundisha kazi."

"Mm. Ukimwambia amekosea, atamwaga zege leo leo, ili akukomeshe."

"Ndivyo alivyo, mwalimu. Unamjua?"

"Nimefanya kazi na wengi kama yeye. Msibishane kwa maneno. Mwombe mfanye jaribio. Zege lenyewe ndilo lizungumze."

Mama Pacha hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, miguu ikiwa mizito kama imetiwa zege. Mama alikuwa na magoti yanayovimba. Hakuweza kutembea mbali. Raha yake ilikuwa kukaa mlangoni na kusalimiana na wapita njia, lakini jua la mchana lilimfukuza ndani, kwenye joto. Ndiyo maana wanawe, waliokuwa wakimmalizia nyumba yake kidogo kidogo, walikuwa wakimjengea kanopi.

Kaka alikuwa juu ya ngazi, akigongelea msumari wa mwisho.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Mbona huku saa hizi? Chuo kimefungwa?"

"Hakijafungwa. Kaka, naomba kesho tusimwage zege."

Nyundo ikasimama. "Kwa nini?"

Akamweleza habari ya sponji. Kaka alimsikiliza, kisha akashuka ngazi polepole.

"Mdogo wangu, mimi nyumba nazijenga kwa saruji. Sponji ni ya kulalia. Nimejenga kanopi mtaa mzima huu. Ipi imeanguka?"

"Haijaanguka hata moja. Lakini ile ya dukani kwenye kona ina ufa. Tumeuziba mara mbili, unarudi."

"Ule ni ufa wa jua."

"Uko juu, kaka, pale inapokutana na ukuta. Ndipo panapovutwa."

Mama aliita kutoka ndani: "Mnagombana?"

"Hapana mama, tunazungumza kazi!"

"Basi izungumzeni polepole. Majirani nao wana kazi zao."

Kaka akageuza ndoo, akaikalia. Akavua kofia. Nywele zilikuwa zimejaa vumbi la saruji, na chini ya vumbi hilo zilikuwa nyeupe kwa mvi. Mama Pacha aliona jinsi mabega yake yalivyoshuka. Akajua kwamba hakuchoka yeye peke yake.

"Unajua kinachoniua, dada?" kaka alisema. "Si kujenga. Ni kurudia. Napiga plasta, fundi umeme anakuja kuipasua. Naziba, fundi bomba anapasua tena. Nyufa naziba, zinarudi. Na leo unaniambia nifungue nondo nilizozikagua mwenyewe."

"Nakuomba wiki moja tu. Tumwage vipande viwili vidogo. Kimoja nondo chini, unavyofanya wewe. Kingine nondo juu. Tuvimwagilie maji kila siku, kisha tuvijaribu. Chako kikishinda, sitasema neno tena."

Kaka alipangusa uso kwa kofia. "Haya. Wiki moja. Mgongo wangu ndio unaokubali, si mimi."

Wakamwaga vile vipande, vyembamba na virefu kama mkono wa mtu. Wakavifunika kwa magunia. Mama Pacha alivimwagilia asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya masomo. Siku moja alisahau, akarudi kutoka nusu ya njia akijilaumu, akakuta magunia yameloa. Mama alikuwa ameburuta kiti mpaka pale na birika la maji.

Wiki ilipotimia, wakavilaza vipande juu ya ukuta mfupi uliokuwa haujaisha. Nusu ya kila kipande ikatokeza hewani. Nusu iliyobaki wakaigandamiza kwa matofali mengi. Kisha wakaanza kupanga matofali kwenye ncha zilizotokeza.

"Rudisheni miguu nyuma," Mama Pacha aliwaambia mafundi. Hilo nalo alijifunza chuoni.

Walikuwa hawajaweka matofali mengi. Kipande chenye nondo chini kikatoa mlio mkavu. Ufa ukafunguka upande wa juu, penye ukuta, kisha ncha yote ikainama na kuporomoka. Kile chenye nondo juu kilikuwa kimetulia. Wakaongeza tofali, na jingine, mpaka matofali yenyewe yakakosa pa kukaa.

Hakuna fundi aliyetaka kumtazama fundi mkuu. Kaka aliinama, akaokota kipande kilichovunjika, akaigusa nondo iliyokuwa chini.

"Mama angekuwa amekaa hapa chini," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hajakaa, kaka."

"Na mwenye duka anakaa chini ya ile yake kila siku." Akainuka. "Leteni mirunda. Twendeni dukani kwanza. Tuiegemeze ile kanopi kwa miti hiyo kabla mtu hajapita chini yake. Tutaibomoa na kuijenga upya, na nyingine za mtaani tutazifuata moja moja."

Mwenye duka alilalamika sana, lakini alipoonyeshwa kile kipande kilichovunjika, alihamisha bidhaa zake mwenyewe.

Kisha wakarudi kwa mama. Wakafungua nondo zote na kuzifunga upya. Walizipandisha juu na kuziegemeza kwenye viti vidogo vya chuma ili zisishuke. Wakaziingiza ndani sana, zikafungwa na nondo za mkanda wa zege ulio juu ya kuta, kwa kuwa kanopi isiposhikwa nyuma itapinduka. Waliweka mbao za kupitia, ili mtu asizikanyage nondo akazishusha tena. Zege halikutiwa maji mengi. Lilipokauka juu, walilimwagilia kwa wiki nzima.

Safari hii Mama Pacha ndiye aliyepanga kazi. Fundi umeme na fundi bomba waliitwa kabla ya plasta. Walinung'unika kwamba hawajazoea kuharakishwa, lakini hakuna ukuta uliopasuliwa mara ya pili. Mirunda ilikaa chini ya kanopi mwezi mzima. Mama aliuliza kila asubuhi, "Leo inatoka?" Na kaka, si dada, ndiye aliyejibu, "Bado mama. Zege halijakomaa."

Siku ya kuitoa, walianza na mirunda ya nje kabisa, wakaenda wakielekea ukutani. Ulipotoka wa mwisho, wote walitazama juu. Kanopi haikutikisika. Ufa haukuonekana, siku hiyo wala wiki zilizofuata. Mama alitoa kiti chake, akakaa kivulini, akaanza kudai salamu kwa kila aliyepita.

Mama Pacha alinawa mikono. Saa ya masomo ilikuwa imekaribia, na mwili ulikuwa unamuuma kila mahali.

"Dada," kaka aliita. "Kuanzia wiki ijayo, siku za masomo usije kazini asubuhi. Pumzika, usome. Kazi yako ya plasta nitaipanga siku nyingine. Usimamizi si ndio huo?"

"Ndio huo, kaka. Asante."

Kaka alikohoa kidogo, akatazama pembeni.

"Leo mnafundishwa nini?"

"Ngazi za zege."

"Ngazi." Alijikuna shingo. "Ngazi zinanitesa miaka yote. Ukitoka huko pitia nyumbani. Usiniandikie, nieleze tu kwa mdomo. Na hiyo sponji, mwombe mwalimu akupe kipande."