Maziwa ya Shangazi, Raba za Mwalimu

— Kunywa, mwana wange. Hicho kibuyu kisibaki na kitu.

— Shangazi, nimeshiba mpaka hapa, Placida akajishika shingo.

— Na nani kakuuliza kama umeshiba?

Ilikuwa mwaka 1992, kijijini Kituntu. Placida alikuwa amewekwa ndani akisubiri harusi, kama ilivyo desturi. Halimi, hapiki, hachoti maji wala hatoki nje. Kazi yake ni kupakwa samli na kunyweshwa maziwa, mashavu yajae, watu waseme bibi harusi ametoka kwenye nyumba yenye ng'ombe. Shangazi yake, Adelgunda, alitoka Rugu kuja kuisimamia shughuli hiyo, na aliisimamia kama askari magereza.

Maziwa peke yake angeyavumilia. Kilichomtia wazimu kabisa ni mchumba wake, Mwalimu Egbert.

Egbert alikuwa mtu wa Muleba, mwalimu wa shule ya msingi pale pale Kituntu na katibu wa tawi la chama. Jeshi la Kujenga Taifa lilimwingia damuni na halikutoka tena. Kila alfajiri aliwakimbiza wanafunzi mchakamchaka huku wakiimba nyimbo za chama, na mzee yeyote aliyelalamika mgongo aliambiwa naye akimbie. Kipindi cha afya redioni hakimpiti, na lolote watakalosema watafiti yeye analigeuza amri ya Mungu. Habari za vyama vingi, vilivyokuwa vimeruhusiwa mwaka huo, hakutaka hata kuzisikia. Kwake nchi ilikuwa imekaa vizuri tangu zamani, na anayeigusa anaibomoa.

Placida alimpenda hivyo hivyo. Alikuwa mkweli, hanywi, hana makuu, na akicheka anacheka mpaka machozi.

Asubuhi hiyo kaka yake Placida, Gosbert, akaingia na kifurushi. Gosbert alikuwa ameshanogewa na mageuzi, kwa hiyo kumbebea Egbert mizigo na kumcheka ilikuwa burudani kwake. Ndani mlikuwa na raba nyeupe, mpya, na kikaratasi:

"Mpenzi Placida. Nasikia wanakupa maziwa na samli. Acha mara moja. Utafiti umeonyesha mafuta ya wanyama yanaziba mishipa ya moyo. Vaa raba hizi, uzunguke nyuma ya nyumba kila asubuhi mpaka utoke jasho. Nataka siku ya harusi uwe mwepesi. Wako, E."

— Kaandika mwepesi?

— Mwepesi, Gosbert akajibu akijiuma midomo. Labda kanisani mnakwenda mchakamchaka.

Placida akamtuma kaka yake arudi kumwambia Egbert aachane na habari za mwili wake. Jibu lililokuja lilikuwa kikaratasi kingine, chenye mpangilio wa chakula: mboga za majani, maharage yasiyo na chumvi, ndizi za kuchemsha bila tone la samli. Shangazi aliposomewa hicho, akanuna, akaongeza kibuyu. Mwalimu anavuta huku, shangazi anavuta kule, na Placida katikati kama shuka linalogombaniwa na watu wawili. Alipomlalamikia baba yake, Mzee Ndyamukama, mzee alisema hayo ni mambo ya wanawake, akaenda zake kuanika kahawa.

Jumamosi ukafanyika mkutano wa tawi uwanjani shuleni. Nyumba ya Ndyamukama imepakana na shule, na kipaza sauti kilileta kila neno mpaka chumbani. Egbert alikuwa anawaka. Aliwaambia wananchi wasidanganywe na wanaotaka kubadilisha mambo yaliyokwisha kuzoeleka. Kisha akasema:

— Chama kinajua mnachohitaji. Mtoto haulizwi anataka kula nini. Anapewa kinachomfaa.

Placida akaweka kibuyu chini. Akabeba raba zake, akatoka. Shangazi akamfuata nyuma akimwita, lakini hakumpata. Watu walipomwona bibi harusi mtarajiwa anakatiza uwanjani na kitenge cha ndani, uso unang'aa kwa samli, wanawake walishika vinywa.

— Ndugu katibu, nina swali.

— Placida? Umetoka ndani?

— Nimetoka. Umesema kilichozoeleka kisiguswe?

— Nimesema, ndiyo.

— Basi nchi nzima unataka ibaki ilivyokuwa. Mbona mimi peke yangu ndiye unayetaka nibadilike?

Uwanja ukaangua kicheko. Gosbert akapiga makofi, na dada yake akamgeukia.

— Wewe usifurahi. Hukuniuliza hata siku moja, ulikuwa unabeba tu.

Shangazi akafika anahema.

— Shangazi, nakuheshimu. Lakini kila siku nakuambia nimeshiba na hunisikii. Huyu ananitaka mwembamba, wewe unanitaka mnene, na mwili ni wangu mimi. Nimechoka nanyi wote.

Akaziweka raba juu ya meza ya katibu.

— Harusi hakuna mpaka niulizwe.

Akaondoka. Kituntu nzima ikapata cha kuongea. Shangazi alisema ni mkosi, bibi harusi kuonwa na umati kabla ya siku yake. Mzee Ndyamukama aligomba, akagomba, mwisho akarudi kwenye kahawa yake. Placida mwenyewe alikuwa amejilaza anatazama ukuta. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na hofu kwamba Egbert hatakuja.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama, Egbert akaja. Safari hii alikuwa anatembea. Akaruhusiwa kukaa mlangoni, shangazi akiwa katikati yao na kigoda chake.

— Nimekuja kuomba radhi, akasema.

— Kwa lipi?

— Kwa raba.

— Raba hazina kosa.

— Basi kwa lipi?

Placida alitamani ampokonye shangazi kile kigoda amrushie.

— Fikiria, mwalimu.

Egbert alipozungumza, sauti ya mkutanoni ilikuwa imekwisha.

— Baba yangu alianguka migombani. Moyo. Alikuwa mnene, mcheshi, anakula anachotaka, na hatukujua kama anaumwa. Tangu hapo kila ninayempenda namwona ataniangukia. Ndiyo maana nakimbiza watu.

Shangazi akaangalia pembeni.

— Mbona hukuniambia hilo, ukaniandikia mambo ya utafiti?

— Utafiti ni rahisi kusema.

Placida akavuta pumzi. Mtu huyu alimchosha, na alimpenda, na vyote viwili vilikuwa kweli kwa wakati mmoja.

— Haya, niulize.

— Nikuulize nini?

— Egbert.

— Unataka... unataka kula nini?

— Leo nataka uji, usiwe na maziwa. Kesho sijui. Kesho utaniuliza tena.

Shangazi akaguna, lakini akainuka kwenda jikoni.

— Na siasa je? Egbert akauliza kwa woga.

— Kaa na chama chako, sikukatazi. Kura yangu ni yangu.

Egbert alifungua mdomo kumjibu, hoja zote zikiwa tayari ulimini. Akaufunga. Placida alijua kimya hicho kimemgharimu.

Harusi ikafanyika. Kanisa lilijaa mpaka nje, wengine wakiwa wamekuja kuona tu kama bibi harusi yule atatokea. Padri akafika kwenye maswali.

— Placida, umekuja hapa kwa hiari yako, bila kulazimishwa na mtu yeyote?

Placida akanyamaza. Shangazi akaanza kukohoa. Mzee Ndyamukama akainamisha kichwa, na Egbert alitoka jasho ambalo mchakamchaka haujawahi kumtoa.

— Padri, naomba uniulize tena.

Padri akamtazama, kisha akauliza tena, polepole. Placida akalisikiliza swali lote mpaka mwisho.

— Ndiyo, akasema. Kwa hiari yangu.