Firigisi ya Siku ya Sabato

Jiwe lilimkuta Rebeka Aluoch nyumbani Jumamosi, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, saa ambayo kila mtu mlimani alijua kwamba huwa hayupo. Lilikuwa na ukubwa wa basi dogo. Lilikaa juu ya nyumba yake miaka yote bila kumsumbua mtu, likashuka mara moja tu, na hiyo moja ikatosha.

Koplo Winnie Chenge wa upelelezi alipanda akiwa ameshika viatu mkononi, maana miamba ya Mwanza haina adabu kwa viatu vya ofisini. Upande wa pili wa mlima ghorofa la kampuni ya majengo lilikuwa limeshapita nyumba zote kwa urefu, na chini yake bango kubwa lilionyesha mji wa biashara unaokuja: minara ya vioo na watu waliovaa suti wakinywa kahawa juu ya ziwa. Winnie alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na lile bango. Kwenye picha nzima hakukuwa na mtu hata mmoja anayetoka jasho.

"Ni mvua ya juzi, afande," askari wa zamu alimweleza. "Udongo umelainika, jiwe likateleza. Kazi ya Mungu."

"Mungu tumwache kwanza. Usimpe kesi kabla hatujapanda juu."

Walipanda. Pale jiwe lilipokuwa limekaa palibaki jiwe dogo lililokuwa limelizuia lisibingirike. Hilo dogo lilikuwa limepasuka na kubanduka maganda kama kitunguu. Upande mmoja ulikuwa mweusi kwa masizi. Chini kulikuwa na majivu yaliyolowa maji. Winnie aliyachokora kwa kijiti na kutoa misumari mirefu, mmoja baada ya mwingine.

"Mvua gani hii inayokuja na misumari?" aliuliza. Askari alitazama ziwani.

Nyumbani, mwili ulikuwa umeshaondolewa. Jiko lilikuwa kibanda cha nyuma, na nusu yake ilisimama bado. Jiko la mkaa lilikuwa na joto, sufuria ya kuku ikiwa juu yake. Mezani kulikuwa na sahani mbili, na pembeni kisahani kilichofunikwa kwa kingine. Winnie alikifunua. Ndani ilikuwepo firigisi, peke yake.

Akakifunika tena, taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Jirani, Mama Paskazia, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kanga mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmechelewa."

"Tumechelewa, mama. Marehemu aliishi na nani?"

"Na redio."

"Na leo alikuwa anampikia nani?"

Mama Paskazia alitaka kucheka, kicheko kikageuka kilio katikati. "Hilo ndilo lililonishangaza. Yule ni Msabato wa kweli, chakula chake cha Jumamosi hupikwa Ijumaa. Leo nimemwona katoka na Biblia yake, gauni jeupe, mara karudi, kapitia mlango wa nyuma, anamkimbiza kuku. Nikamtania, 'Aluoch, leo umehamia kwetu Wakatoliki?' Akaniambia nisipige kelele, mgeni wake yuko karibu. Alikuwa anacheka kama bibi harusi."

"Mgeni gani?"

"Hakusema. Akaazima chumvi kwangu, basi."

"Moshi hukuuona juu?"

"Moshi kila siku tunauona, mwanangu. Tangu ghorofa lile lianze kila mtu anachoma kitu."

Binti wa kwaya, Favour, ndiye aliyekuwa ameongozana na marehemu asubuhi. "Tulifika kwenye kona ya chini, akageuka kuangalia mlimani," alisema. "Akasimama kidogo. Kisha akaniambia amesahau kitu nyumbani, nimwombee radhi kwa mzee wa kanisa. Sikuona alichokiangalia."

Jioni ile watu wa mlimani walikuwa wameshapata mtuhumiwa wao, na hawakumhitaji koplo. Alikuwa Revocatus, msimamizi wa ujenzi, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimbembeleza mjane ahame. Misumari ilitoka kwenye mbao zake za kumwagia zege. Walimfuata hadi getini wakiwa na mawe, na Winnie ilibidi amchukue kituoni kumwokoa na kumhoji kwa safari moja.

"Ulitaka aondoke," Winnie alisema.

"Nilitaka, sikatai. Nilimpelekea soda kila wiki. Alikuwa anakunywa soda, ananishukuru, anakataa kuondoka."

"Na mbao zako?"

"Afande, mlima mzima unapikia mbao zangu. Zikichakaa watu wanabeba. Halafu fikiria: mimi nina mashine za kutoboa mwamba na kibali cha baruti. Nikae asubuhi nzima nachochea kuni chini ya jiwe, nimwage maji lipasuke? Hiyo ni kazi ya wazee. Aliyekuwa bingwa wake hapa ni marehemu Okomo, mume wa huyo mama. Alipasua mawe ya misingi ya nusu ya nyumba za pale."

"Alimfundisha nani?"

Revocatus alijibu kwa sauti ya chini. "Mwanawe, Elias. Ni fundi nondo wangu. Lakini huyo na mama yake hawajasalimiana tangu mwaka juzi. Na Jumamosi haji kazini, anasali."

Winnie alimuuliza Favour kwa simu kama Elias alionekana kanisani. Hakuonekana.

Usiku ule hakuandika kitu. Aliwaza kile kisahani. Firigisi hapewi mwanamke, wala hapewi mpita njia. Huwekewa mwanaume wa nyumba. Na Aluoch, aliyekubali soda za mtu wiki hadi wiki bila kusogea hata hatua, asingevunja Sabato kwa ajili ya mtu wa soda. Asubuhi alimwachia Revocatus.

Msiba ulikuwa Buhongwa kwa Elias, kwa kuwa nyumba ya marehemu haikuwepo tena. Mwili ungetoka hospitali jioni, ulale pale usiku mmoja, kesho yake usafirishwe Shirati akalale karibu na mumewe. Winnie alimkuta Elias kwenye chumba kipya cha uani, kimepakwa rangi ya bluu. Kitanda kilikuwa na godoro lililofungwa bado kwenye nailoni.

"Pole, kaka Elias."

"Nimeshapoa, afande."

"Chumba cha nani hiki?"

"Chake. Nilikijenga mwaka juzi. Alikuja akakitazama, akasema kizuri, akarudi mlimani. Tukagombana."

Winnie alikaa kwenye kigoda. "Kaka, mama yako alikuwa anawasha moto siku ya Sabato?"

"Hajawahi. Hata baba alipokuwa anaumwa, uji wake ulipikwa Ijumaa."

"Jana aliwasha. Alichinja kuku. Alipofika kwenye kona ya chini aligeuka akakuona unapanda na mbao mabegani. Alidhani unamletea kuni, kama zamani. Alirudi kukupikia. Firigisi aliiweka pembeni, akaifunika isipoe."

 Mikono ya Elias, yenye makovu ya nondo, ilishika ukingo wa kitanda, na nailoni ikalia.

"Nilimwona anashuka," alisema. "Nilisubiri mpaka afike kwenye kona, ndipo nikapanda. Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli. Nilichungulia mara ngapi sijui, kufuli lipo. Ghorofa likiisha wanahamia upande ule na baruti, afande. Wangemtoa kwa askari, mbele za watu. Alisema hatoki kwenye nyumba ya mume wake. Nikasema basi, nyumba ndiyo ife, yeye abaki."

"Hukuona moshi wa jikoni?"

"Moshi wangu ulikuwa mwingi." Akainamisha kichwa. "Mbona hakuniita?"

 Winnie alifikiri kwamba mama aliyekaa miaka miwili akimsubiri mtoto asingethubutu kumpigia kelele, asije akaghairi. Lakini hilo hakulisema.

"Utaondoka na mimi," alisema baadaye.

"Najua. Nimwingize kwanza."

Alimruhusu. Jua lilipokuwa linashuka gari liliingia uani, akina mama wakaanza kulia. Elias alishika jeneza upande wa mbele, wanaume wengine wakashika kila pembe. Winnie alisogea kando akitazama mlango, akitegemea watakwama, kwa sababu milango ya vyumba vya uani huwa myembamba. Hawakukwama. Walipita wote, bega kwa bega, bila kugusa fremu.

"Niliupanua," Elias alisema bila kugeuka. "Magoti yake yalikuwa yanamsumbua. Nilitaka tuwe tunapita naye wawili, mmoja huku, mmoja huku."