Makazi Yake ni Kijito Hiki

Tulifika kijitoni jua likiwa limeshaegemea nyuma ya mlima. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, alitua betri ya taa juu ya jiwe na kunyoosha mgongo.

"Watu hupanda mlima kutafuta dhahabu, shemeji. Wewe umenipandisha kwa kidudu ambacho hata kuku hashibi nacho."

"Usinywe hayo maji. Yana mabuu."

"Niyanywe ya nini? Mimi maji yangu yana koki. Haya yasiyofungwa siyaamini."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu msiba. Shemeji ni fundi bomba, wadudu hawamhusu. Alikuja tu kwa sababu hakutaka nije peke yangu.

Mdudu tuliyemfuata ni ndugu wa nondo, mdogo kama punje ya mpunga, mwenye vinyweleo kwenye mabawa. Buu wake huishi chini ya maji baridi. Hutoa uzi mdomoni, hushona chembe za mchanga na vijiwe, na kujijengea kijumba cha kujisitiri. Mke wangu ndiye aliyemgundua. Tulikuwa tumepata dume tu alipoanza kuugua.

Tulimzika mjini, mbali na maji yoyote. Mimi nikarudi kwenye hadubini, nikaandika maelezo ya yule mdudu, bawa kwa bawa, mshipa kwa mshipa, na nikampa jina la mke wangu. Hatukujaliwa mtoto. Nilitaka jina lake lisife. Libaki mahali fulani, likitamkwa. Makala ikachapishwa. Kilichobaki ni kumpata jike, niandike na maelezo yake.

Jina lenyewe sitaliandika hapa.

Tulitundika shuka jeupe kati ya miti miwili, tukawasha taa mbele yake. Giza lilipoanza kuingia chini ya majani, wadudu wakaja. Nondo. Mbu. Kumbikumbi waliopotea njia. Halafu, kwenye pindo la chini la shuka... yeye. Tumbo limejaa mayai.

Nilimfunika kwa kichupa. Na hapo nikafanya tulivyokuwa tukifanya siku zote, mke wangu na mimi. Anayekamata hulitaja jina la mdudu kwa sauti kubwa, maana kijito kina kelele. Mwenzake, aliyekaa juu kidogo akiandika lebo, huitikia ili ijulikane amesikia.

Nikalitaja jina.

"Abee..."

Ilitoka juu, kwenye mawe.

Nilidhani ni mazoea ya masikio yangu. Nikamgeukia shemeji. Alikuwa amesimama na waya mkononi, hapumui.

"Huyo ni dada," akanong'ona.

"Ni maji."

"Maji nayajua, shemeji. Maji hayaitiki."

Upepo ulikuwa umekufa. Ilikuja harufu... si ya majani wala ya tope. Ni ile dawa ya kudekia sakafu ya wodi aliyofia.

Mtu mwenye akili timamu angezima taa, akashuka. Mimi niliita tena. Safari hii sikuwa namtaja mdudu.

"Abee."

Karibu zaidi. Sauti ya mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamwisha.

Shemeji alinyakua tochi, akapanda mawe mbiombio. "Dada! Dada, ni mimi!" Mimi nilibaki chini, nimekishika kichupa. Nikamsikia akitumbukia. Kisha nikasikia kitu kingine. Mchanga ukisagana. Krr... krr... krr... Polepole, kama mtu anayeshona hana haraka.

Kisha kimya.

Aliporudi alikuwa ameloa hadi kifuani, hana tochi, kucha zinavuja damu. Akakaa akikipa kijito mgongo.

"Umemwona?"

"Yumo kidimbwini. Amekaa."

"Amekaaje?"

"Amejijengea, shemeji. Vijiwe vidogo vidogo, vimeshonwa... kuanzia miguuni hadi hapa." Akagusa koo lake. "Nikawa navibandua, nimtoe. Nikibandua, anashona. Kwa mdomo, shemeji. Kwa mdomo."

"Amesema nini?"

Alifuta damu ya kucha kwenye suruali.

"Amesema, 'Mwambie asiniite. Nikiitwa naamka. Nikiamka nasikia baridi.'"

Nilifungua kichupa, jike akaruka. Tukashuka mlima. Shemeji ameacha ufundi bomba. Siku hizi anapaka rangi.

Nilikwenda kaburini. Udongo umetulia, hakuna kilichofukuliwa. Chini yake kuna nini, sijui. Nimesoma makala yangu upya, na kuna sentensi moja nisiyoweza kuipita. Kila makala ya aina hii huwa nayo, niliiandika bila kufikiri, baada tu ya jina lake: *Makazi yake ni kijito hiki, hapatikani kwingine.* Jinsi maneno hayo yanavyoweza kumtoa mtu kaburini na kumtia majini, elimu yangu haijui.

Nikamwomba mhariri wa jarida alifute jina. Alinipigia simu mwenyewe.

"Pole sana, profesa. Lakini sheria unaijua kuliko mimi. Jina likishachapishwa halifutwi, hata na aliyelitoa. Mdudu mwenyewe akitoweka duniani, jina linabaki." Alidhani ananifariji.

Mimi nimeacha kulitamka. Usingizini nauma ulimi. Lakini mimi ni mmoja.

Leo asubuhi, ng'ambo ya ukuta wa ofisi yangu, mhadhiri kijana alikuwa anawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuhusu ugunduzi wetu. Anauonea fahari. Jina lina mkia wa Kilatini, linawatatiza. Wanalitamka, wanacheka, wanalirudia darasa zima.

Niligonga ukuta. Nikagonga tena, kwa ngumi zote mbili.

Wakanyamaza.

"Mnasikia?" mhadhiri akasema kwa furaha. "Profesa mwenyewe anatupongeza! Haya, tena, wote kwa pamoja, alisikie vizuri."

Wakavuta pumzi.