Makosa Yanayofanana

Tangu shangazi yake afike, kila asubuhi Chiriku alifagia ua, kisha akanywa naye chai jikoni, wakicheka hadi mama awanyamazishe. Lakini sasa shangazi alikuwa amelala chumbani peke yake, akikohoa. Alikuwa amekuja kwa ndege kutoka ng'ambo, na mtaa mzima ulishakata shauri: homa hii ya kukohoa kaileta yeye. Jirani, aliyezoea kuja kuomba chumvi, sasa alipita upande wa pili wa barabara.

"Nikipona, wifi, narudi zangu," shangazi alimwambia mama mlangoni. "Sitaki watu wawakwepe kwa ajili yangu."

Chiriku, aliyesikia kutoka jikoni, akaiacha chai yake.

Jioni alikuja mtaalamu wa maabara, barakoa usoni. Ndiye aliyempima shangazi puani kwa kijiti pale uwanja wa ndege, na tena alipougua.

"Uwanjani hatukukuta kirusi," alimwambia shangazi. "Hiki cha sasa tumesoma jeni zake herufi kwa herufi. Kirusi kikijinakili hukosea hapa na pale, kama watoto wanaonakili kutoka ubaoni. Makosa ya chako yanafanana na ya virusi vya wanafunzi wa shule ya hapa, walioumwa kabla hujafika. Vinavyoingia na wasafiri vina makosa mengine."

"Kumbe nimeambukizwa hapahapa! Na nani?"

"Hilo maabara haiwezi kusema."

Chiriku alitazama vidole vyake vya miguu. "Mimi, shangazi. Siku uliyofika nilikuwa nakohoa. Nilimficha mama ili nisikatazwe kwenda kukupokea. Halafu nikakukumbatia."

Mama alimkazia macho. Shangazi akacheka hadi kikohozi kikamkaba. "Na mimi nilitarajia kupokewa kwa maua."

"Nisamehe. Usiondoke."

"Asante kwa kusema, mwanangu. Hiyo ndiyo dawa niliyokuwa nikiingoja."

Chiriku hakungoja kutumwa. Alienda kwa jirani, akasimama mbali na mlango, akaeleza yote. Muda si mrefu jirani akaonekana nje ya dirisha la shangazi, ameshika kikombe kitupu.

"Wifi wa watu, nisamehe. Nilikusingizia," alisema. "Na... chumvi imeniishia."

Usiku huo shangazi alitoa nguo alizokwisha kufunga kwenye sanduku, akazirudisha kabatini. Mama akamfunika Chiriku blanketi.

"Tuwashukuru watu wa maabara, wamesafisha jina la shangazi yako," alisema. "Lakini kikohozi chako hakikuhitaji maabara, mwanangu. Kilihitaji mdomo wako. Ukiumwa, sema siku hiyohiyo. Kupokea wageni kupo tu."