Barafu ya Malaba Haihongeki

"Simama!"

Lori halikusimama. Adeke Ilukor, jasusi wa idara isiyo na kibao mlangoni, alipenyeza Boxer yake kati ya matrela, akalipita, akalala na pikipiki mbele ya kizuizi cha polisi.

Breki zililia.

Ndani kulikuwa na chanjo ya surua ya kliniki ya Moding. Mpwa wake, Asio, alikuwa kwenye foleni huko. Dada yake alikuwa ameshazika mtoto mmoja kwa surua.

Redio ilikoroma, sauti ya mkuu wake. "Ushahidi?"

"Zimebadilishwa njiani. Hizi zimepikwa na jua."

"Nimeuliza ushahidi. Ukikosea, watoto wanakosa dawa kwa sababu yako."

Callistus, bosi wa lori, alishuka akitafuna muwa. Akagonga skrini mlangoni. "Soma, dada. Nyuzi joto nne. Ama shule ulipita dirishani?"

Polisi wakacheka.

Adeke alichomeka kihisi-joto chake katikati ya vichupa. Platinamu, nyaya nne, ili urefu wa waya usihesabiwe kama joto.

Kumi na nne. Chanjo haitakiwi kupita nane.

"Ni kihisi chako dhidi ya changu," Callistus akasema. "Changu kina muhuri wa serikali."

Muhuri! Mpaka huu haujasahau. Mahindi yenye sumu yalikuja na muhuri. Mbegu zisizoota, muhuri. Kila kibovu huletwa Teso kikiwa na karatasi safi.

Kando ya barabara Roselida wa Port Victoria alikuwa akiuza mbuta, samaki wa ziwani.

"Mama, nipe barafu! Iliyopondwa, na maji."

Barafu inayoyeyuka ni sifuri. Haina chama. Adeke alitumbukiza vihisi vyote viwili, chake na cha lori.

Kabla cha lori hakijatulia, chake kikasoma hasi tatu badala ya sifuri.

Callistus alicheka mpaka muwa ukamtoka. "Hata barafu imekukataa! Afande, fungua njia."

Afande akashika kamba ya kizuizi.

Adeke alilamba kidole. Chumvi.

"Mama, umetia chumvi?"

"Sasa samaki itafika aje bila chumvi? Si ndiyo barafu idumu!"

Chumvi hushusha barafu chini ya sifuri.

"Vunja donge jipya. Lioshe. Maji ya kunywa. Haraka, mama!"

"Ngoja basi, mimi si mashine!"

Kamba ilikuwa inashuka. Donge likapasuka. Vihisi vikazama tena.

Cha Adeke: sifuri.

Cha Callistus: hasi tano.

Kicheko kilikufa. Adeke alikata waya wa lori kwa kisu. Ndani ya gamba, resista, kipande cha kuzuia umeme, ndogo kama punje ya mchele, imeunganishwa kwa siri. Kihisi cha aina hiyo, ukikiongezea ukinzani, huapa kuna baridi, na huzidisha uongo penye joto.

Callistus aliingiza mkono kotini.

Glock ya Adeke ilikuwa tayari shingoni mwake. "Chanjo zilizo nzima ziko wapi?"

"Dada, tuongee..."

"Wapi?"

"Lori dogo, Canter ya buluu. Iko foleni ya kuvuka mpaka."

Waliikuta mita chache kutoka getini. Adeke hakupima ukuta wa kasha, ukuta hudanganya. Alipima katikati ya dawa, akangoja namba itulie.

Tano.

Alimpigia dada yake. "Among, msiondoke kliniki. Sindano inakuja."

Mtoto alikohoa kwenye simu.

"Ya kweli?"

"Ya kweli."

Akakata simu, akawasha Boxer, akaitangulia Canter kwenda Moding bila kugeuka.