Kompyuta Iliyotangulia Kufika Desemba

Kila Jumapili asubuhi, kabla wateja hawajaanza kugonga mlango, Chiriku alifagia duka la baba yake. Lilikuwa duka dogo la kuchapa na kutoa nakala, lenye benchi moja la wateja, mashine ya nakala iliyopenda kutafuna karatasi, na kompyuta ya mezani iliyofunikwa kitambaa ili vumbi lisiingie. Alifagia chini ya benchi, akafuta kioo cha mashine, akapanga karatasi vizuri. Kisha alivuta kiti karibu na baba yake, wakasoma pamoja barua pepe ya mama.

Jina lake halisi lilitumika shuleni tu. Nyumbani na mtaani aliitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Mtoto huyo aliweza kuongea tangu anapoamka mpaka anapolala, na jirani mmoja aliapa kwamba hata usingizini huwa anaendelea.

Mama yake alikuwa mpimaji. Alikuwa amesafiri na kikosi kinachopima njia ya nyaya za umeme, huko mbali nyikani ambako simu haishiki kabisa. Kambini palikuwa na dishi moja la setilaiti na kompyuta moja, na wafanyakazi waliitumia kwa zamu kuandika nyumbani. Zamu ya mama ilikuwa Jumamosi usiku na Jumapili. Kazi ingemalizika Desemba, na sasa ulikuwa mwezi wa Julai.

Chiriku alikuwa na hamu kubwa na mama yake. Alikumbuka mluzi aliopiga mama akiosha vyombo. Alikumbuka alivyomsuka huku akimgombeza, "Tulia wewe, kichwa hiki si mpira!" Siku hizi nyumba ilikuwa na sauti ya redio tu, kwa kuwa Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Tena Baba aliweka sharti kuhusu barua za kwenda kambini.

"Mama yako ana kazi ngumu," alisema. "Tusimwongezee mzigo. Mwandikie hatujambo, asiwe na wasiwasi."

Basi kila wiki Chiriku aliandika, "Hatujambo, Mama, usijali." Na kila wiki aliandika sentensi nyingine chini yake, kisha akaifuta kabla Baba hajaiona.

Jumapili hii haikuwa kama nyingine. Katika barua iliyopita mama alikuwa ameeleza kwamba mkuu wa kambi anagawa likizo fupi. "Nitawaandikia Jumamosi usiku niwaambie kama nimepata," aliandika. "Nijibuni Jumapili kabla ya jioni, maana jioni mkuu anapanga watu wa kupanda gari. Asiyepangwa hatoki tena mpaka Desemba." Chiriku hakuweza hata kunywa chai. Alitaka barua ifunguliwe, aone kama mama anakuja.

Baba akavaa miwani, akafunua kompyuta, akafungua programu ya barua pepe, akabofya. Kikatokea kisanduku chenye maandishi mengi. Baba hakukisoma. Alibofya "Sawa" upesi. Kisanduku kikarudi. Akabofya tena, kikarudi tena.

"Haiunganishi," alisema Baba. "Mtandao huu nao!"

Sasa hapa lazima niseme jambo lililotokea jana yake, maana Chiriku mwenyewe hakulisema.

Jana mchana Baba alipotoka kupeleka mitihani iliyochapwa, Chiriku alibaki akilinda duka. Macho yake yaliangukia tarehe iliyoandikwa pembeni mwa kioo cha kompyuta. Akajiuliza itaonekanaje ile siku ya Desemba, siku ya mama kurudi. Baba alikuwa amemkataza kugusa mipangilio ya kompyuta, na alilijua hilo vizuri kabisa. Akaigusa. Alizima kile kitufe kinachoifanya saa ijirekebishe yenyewe, akasogeza miezi mmoja mmoja hadi Desemba, akaitazama. Tarehe ikakaa pale, ndogo, na kwa muda kidogo alihisi kana kwamba mama yuko mlangoni anavua viatu. Mara mlango ukafunguliwa kweli, lakini alikuwa mteja mwenye haraka, anataka nakala. Mashine ikatafuna karatasi, wakahangaika nayo wote wawili, na tarehe Chiriku akaisahau.

Aliikumbuka asubuhi hii, alipoiona bado ipo pale pembeni. Alishtuka. Kisha akajituliza: saa na barua vinahusiana nini? Ni mtandao tu. Baba asingegundua. Akanyamaza kimya kama maji mtungini.

Baba naye alianza vita. Alichomoa waya wa mtandao, akaupuliza, akauchomeka. Alizima kompyuta, akaiwasha. Alipiga simu kwa kampuni ya mtandao, akaambiwa laini ni nzima. Akasema basi ni paswedi. Alibofya bila kusoma kitufe cha "Endelea bila ulinzi", akaandika paswedi anayodhani ni yake, ikakataliwa. Akaandika nyingine, na nyingine, huku akibonyeza kwa nguvu kana kwamba kompyuta haisikii vizuri. Mwisho aliingia kwenye mipangilio ya programu, akabadilisha namba hii, akafuta neno lile, na visanduku vikazidi kuwa vingi.

"Mbona leo chiriku haimbi?" Baba aliuliza bila kugeuka. "Unaumwa?"

"Hapana, Baba."

Mchana ukaingia. Baba akafuta jasho, akachukua simu yake ndogo ya vitufe, akampigia Mjomba. Mjomba alikuwa mdogo wake mama, fundi wa kompyuta, na yeye na Baba walikuwa hawaishiwi utani.

Alifika na baiskeli, mkoba begani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Haya, shemeji, mgonjwa anaumwa wapi? Naona umempiga makofi, kibodi imelala upande."

"Acha masihara, shemeji. Barua ya dada yako imo humo, na ikifika jioni hatujajibu, imekula kwetu."

Mjomba akaacha kucheka. Akakaa. "Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu."

"Ajabu! Kila mteja wangu hajagusa kitu. Kompyuta za mji huu zinajigusa zenyewe." Akabofya, kisanduku kikatokea. Baba akanyoosha kidole akibofye. Mjomba akamshika mkono. "Ngoja, bwana! Umekisoma?"

"Maneno ya kompyuta hayo."

"Ni maneno ya kukueleza tatizo. Mtu anakwambia anapoumwa, wewe unamfunika mdomo. Chiriku, njoo utusomee. Sauti ya juu, kama kawaida yako."

Chiriku akasogea. Alisoma kwa sauti iliyokuwa ndogo sana. "Haiwezekani kuunganisha kwa usalama. Cheti cha seva kimepitwa na muda wake. Hakikisha tarehe na saa ya kompyuta yako ni sahihi."

Chiriku akaitazama ile tarehe pembeni. Angeweza kujifanya hamnazo, na hakuna ambaye angejua. Lakini huko nyikani jioni ilikuwa inakaribia vilevile kama hapa.

"Ni mimi," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Nilisogeza tarehe mpaka Desemba. Nilijua tangu asubuhi kwamba ipo hivyo, nikaogopa kusema. Nisameheni. Sikujua kama inazuia barua."

Baba aligeuka, akamtazama.

"Sasa tumepata pa kuanzia," alisema Mjomba taratibu. "Sikiliza, mwanangu. Kompyuta ikitaka kuchukua barua, kwanza huangalia cheti cha seva, yule anayeihifadhi, ijue si tapeli. Cheti hicho kina tarehe ya kwisha. Wewe umeiambia ni Desemba, ikaona cheti kimekwisha, ikakataa. Ilikuwa inatulinda, maskini." Akarudisha tarehe ya leo, akawasha tena kile kitufe cha saa. Akabofya.

Kikaja kisanduku kingine. Mjomba akakisoma, akakunja uso.

"Hii sasa ni paswedi si sahihi. Na namba za seva humu si zile nilizoweka mimi. Chiriku, ulifika na huku?"

"Hapana, Mjomba. Tarehe tu."

Mjomba akageuza kiti polepole. "Shemeji."

Baba akakuna kichwa. "Labda nilibadilisha kidogo."

"Kidogo?"

"Nilibadilisha vingi," alisema Baba. "Na paswedi nimejaribu mpaka vidole vikauma."

Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu, na Chiriku, pamoja na machozi yake, akacheka pia. Mjomba akarudisha namba moja baada ya nyingine, akaandika paswedi mwenyewe huku akitabasamu.

"Unaijua wewe?" Baba alishangaa.

"Nilikuwepo dada alipoiweka. Ni lile jina alilokuwa anakuita wakati wa uchumba wenu. Nisiliseme mbele ya mtoto."

Baba akatazama chini. Chiriku hakuwahi kumwona baba yake na uso ule wa haya.

Lakini mlango wa barua haukufunguka. Seva iliandika kwamba paswedi imekosewa mara nyingi mno, na akaunti imefungwa kwa muda. "Inadhani wewe ni mwizi," alisema Mjomba. "Tungoje. Tukijaribu tena sasa hivi, itatufungia upya. Asiguse mtu yeyote." Akaenda mlangoni kutazama baiskeli yake, akawaacha wawili hao peke yao.

Walikaa mbele ya kompyuta, mikono magotini. Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa barabara.

"Kwa nini Desemba?" Baba aliuliza.

"Nilitaka kuiona tu. Nimechoka kungoja, Baba. Namtaka mama."

Baba alimgeukia. "Jioni nikifunga duka huwa nachelewa kurudi nyumbani," alisema. "Unadhani nahesabu karatasi. Nasoma barua zake za zamani, moja moja. Mimi pia nimechoka, mwanangu."

Akamwekea mkono begani, wakangoja hivyo hivyo.

Mjomba aliporudi, alibofya mara moja. Mshale ukazunguka na kuzunguka. Kisha barua ya mama ikaingia, na Chiriku akaisoma.

"Wapenzi wangu, nimepata nafasi. Gari linaondoka keshokutwa, na ningekaa nyumbani wiki mbili. Lakini nimefikiri sana. Kila wiki mnaniambia hamjambo na nisijali. Nafurahi kwamba mmeshazoea. Kwa hiyo naona bora nimwachie nafasi mwenzangu, mimi niendelee na kazi mpaka Desemba. Kama mna neno, niambieni kabla ya jioni. Nisipopata jibu, nitajua mmekubali."

Baba alisoma barua ile tena kwa macho, midomo ikicheza. Akavuta kibodi, akaisukuma mbele ya binti yake.

"Andika," alisema.

"Niandike hatujambo?"

"Hapana. Kosa lile lilikuwa langu. Andika yale unayoyafutaga kila wiki. Unadhani sikuwa nayaona?"

Chiriku akaandika haraka, akikosea herufi na kuzirudia. "Mama, hatujazoea. Tulisema hatujambo ili usihuzunike. Mimi nakukumbuka kila siku, hata darasani. Jana nilisogeza tarehe ya kompyuta hadi Desemba ili nione siku yako ya kurudi, nikazuia barua yako, na nikaficha. Mjomba ametutengenezea. Baba naye hajazoea. Anaunguza mboga na anasema ndivyo alivyotaka. Mama, tafadhali njoo."

Baba akaomba nafasi. Kwa vidole viwili akaongeza chini yake, "Yote ni kweli. Njoo." Kisha akaandika jina lile la uchumba, na Chiriku akajifanya hakuliona.

Barua ikaondoka. Mjomba hakwenda kwake. Walikaa wote watatu kwenye benchi la wateja, na mteja aliyekuja kutaka nakala aliambiwa arudi kesho. Mwanga ukaanza kupungua nje. Chiriku alitamani kubofya kila dakika, lakini alikalia mikono yake.

Jibu lilipoingia, Chiriku alitaka kusoma akashindwa, sauti haikutoka. Baba akasoma.

"Mwanangu, na wewe mume wangu. Nimesoma nikalia mbele ya watu, wakadhani kuna msiba. Mkuu ameshanipanga kwenye gari. Chiriku, ulikosea kugusa ulichokatazwa, na kukaa kimya ulikosea zaidi, lakini umesema kabla jua halijazama, nami nimekusamehe. Sikilizeni wote wawili. Niko mbali, siwezi kuziona nyuso zenu. Naona mnachoniandikia tu. Mkisema hamjambo, nitaamini hamjambo, na nitaamua hivyo. Mtu anayekupenda hawezi kukusaidia kwa jambo ulilomficha. Kuanzia leo niandikieni ukweli, hata ukiwa mchungu. Nakuja."

Mjomba alijikohoza, akaanza kutafuta mkoba wake uliokuwa begani mwake. Baba alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Chiriku," alisema, "sasa sauti imerudi?"

"Imerudi, Baba."

"Basi isome tena. Polepole, kutoka juu."